Jirani asiyeona ndiye wa kuogopwa?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama nchi yenye setilaiti nyingi ni tishio kwa hasimu wake asiye nazo. Mimi wasiwasi wangu uko kwa yule asiye nazo. Tazameni Pakistan. Ilianzisha SUPARCO, shirika lake la anga, mwaka 1961, miaka minane kabla ya India kuunda lake, ISRO. Leo India imeshatua mwezini, Pakistan ingali inategemea roketi za China kurushiwa setilaiti zake. Mwenye silaha za nyuklia asiyemwona jirani yake hubaki kukisia, na anayekisia ana haraka ya kupiga.

Lakini Balakot, mji wa Pakistan, inanisumbua. Februari 26, 2019, baada ya mauaji ya askari wa India huko Pulwama, Kashmir, ndege za India zilishambulia mahali palipodaiwa kuwa kambi ya Jaish-e-Mohammed, kundi la wapiganaji lenye makao Pakistan. Delhi ikasema imeua wengi. Islamabad ikasema mabomu yameangukia msituni. Kila mtu akashika upande wake, ushahidi hakuna. Siku chache baadaye Reuters wakatoa picha za setilaiti za Planet Labs, kampuni binafsi ya Marekani: majengo ya madrasa iliyodaiwa kuwa kambi hiyo yamesimama. Nilizikuza kwenye simu mpaka zikawa vumbi tupu, nikitafuta paa lililotoboka. Wapo waliosema bomu la aina ile hupenya paa na kuua waliomo bila kubomoa jengo. Sawa, huenda. Ila taifa lenye macho yake angani lilikuwa linabishiwa na picha ambayo yeyote mwenye fedha angeweza kuinunua.

Mwezi mmoja baadaye, Machi 27, India ikatungua setilaiti yake yenyewe kwa kombora, kimo cha kilomita 300 hivi. Wengi walisema Pakistan imeonywa. Ya nini, na setilaiti zake ni za kuhesabu? Mimi nilihisi anayeambiwa ni China, iliyofanya jaribio kama hilo mwaka 2007.

Basi nikiulizwa sasa, nitasema pengo lenyewe si la kutisha sana, maadamu picha zinauzwa. Ila kwa kombora lililokwisha kurushwa, picha ya juzi haina kazi. Na muuzaji naye ana mwenye amri juu yake: Machi 2025 Ukraine ilisitishiwa kwa muda picha ilizokuwa ikipata kupitia mfumo wa serikali ya Marekani. Pakistan ikifungiwa hivyo itageukia China, na China ina ugomvi wake wa mpaka na India.