Chakula cha shule kinarudi kimechacha: nifungeje?

SWALI: Mwanangu ana miaka 7. Namfungia chakula saa 12 asubuhi, anakula saa 7 mchana. Wali na maharage hurudi vikinuka, mkate hurudi umelowa, na tofaa limekuwa jeusi. Nikimwekea kitu kipya ili abadilishe, hakigusi kabisa. Nakosea wapi?

JIBU: Mzazi, usimlaumu mtoto kabla hujalichunguza kopo lenyewe. Chakula hicho kinakaa begini muda wa saa 7. Bakteria huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na chakula chepesi kuharibika hakitakiwi kukaa katika hali hiyo zaidi ya saa 2. Kiondoke nyumbani kikiwa cha moto hasa au cha baridi hasa. Uvuguvugu ndio unaokichachisha.

Wali nauhofia kuliko vyote. Una bakteria waitwao Bacillus cereus, ambao spora zao (mfano wa mbegu ndogo ngumu) hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukilala sufuriani, spora huamka na kutoa sumu, na hiyo sumu haiondoki hata ukiupasha moto vipi. Ukipika jioni, utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie friji ndani ya saa 1, na asubuhi uupashe mpaka katikati yake pafuke mvuke. Huna friji? Pika asubuhi.

Kwa chakula cha moto tumia themosi ya mdomo mpana. Ijaze maji yanayochemka, ifunike dakika 10, yamwage, kisha pakua papo hapo chakula kinachotokota, karibu kijae kabisa. Nafasi tupu ndani hula joto. Kosa la wengi ni kutia chakula cha uvuguvugu wakidhani themosi itakipasha; themosi hutunza tu joto ililopewa. Ijaribu siku ya mapumziko: ifunge saa 12, ifungue saa 7, tumbukiza kipimajoto. Kikisoma chini ya nyuzi 60, themosi hiyo haifai kwa safari ya saa 7.

Hapo hamia kwenye baridi. Chakula kilale friji. Chupa ya maji ya nusu lita ijaze robo tatu tu, maana barafu hutanuka, uigandishe usiku kucha na uilaze juu ya kopo, ukivifunga pamoja kwa taulo dogo. Yai la kuchemsha au kuku atasafiri salama, na maji yakiyeyuka mtoto atayanywa. Bila barafu, bakia kwenye visivyoharibika upesi: mkate na siagi ya karanga (uliza kwanza kama shule inakataza karanga kwa ajili ya wenye mzio), karoti mbichi nzima, ndizi au chungwa lisilomenywa.

Mkate hulowa kwa sababu mbili. Ukiukausha motoni na kuufunga ungali moto, mvuke wake hugeuka maji ndani ya kopo. Uache upoe kwanza. Pili ni nyanya. Paka siagi hadi kingoni kwenye slesi zote mbili, kwani mafuta huzuia maji, na nyanya iende peke yake. Tofaa lililokatwa liloweke dakika 5 kwenye kikombe cha maji chenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha lisuuze.

Kuhusu kubadilisha: usibadilishe kopo zima. Weka chakula cha wanga, cha protini, mboga na tunda, halafu wiki hii geuza kimoja tu. Kitu kipya kiwe kijiko kimoja kando ya anachokipenda, na kwanza akionje nyumbani, kwa utulivu. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula mara 10 au zaidi ndipo wakikubali, kwa hiyo kurudi kwa kile kijiko mara 3 si kushindwa. Siku ya maharage mpe chungwa: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya kusindikizia iache, huyazuia.

Tena kuna mfuniko. Mpe kopo lililofungwa barabara, alifungue mbele yako bila msaada. Likimshinda nyumbani, shuleni atalirudisha vilevile, hata ungepika nini.