Kijana wetu na mzee wa mihtasari

Mmeuliza wiki hii kama kiongozi anayetaka mageuzi awaweke kando watu waliozeeka ndani ya mfumo, au afanye nao kazi. Nikiwa huku Mtwara, nasema afanye nao kazi, ila awachague kwa jicho kali.

Kata yetu ipo juu kwenye uwanda wa Makonde. Wanakijiji walichangishana hela za korosho, wakajenga boma la zahanati mpaka kwenye lenta, likaishia hapo. Boma lilikaa hadi ndani ukaota mpapai, ukazaa. Tukamchagua diwani kijana, msema kweli, aliyeapa kuliezeka. Mwezi Mei akasimama kwenye baraza la madiwani, akanguruma. Akajibiwa kwa adabu kwamba hoja imepokelewa. Basi.

Aliyemfungua macho ni mtendaji wa kata mstaafu, tunayemwita njomba, yaani mjomba, kata nzima. Alimkalisha barazani kwake, akamuuliza: "Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uko wapi? Na wa kamati ya maendeleo ya kata?" Kijana hakuwa na hata mmoja. Alidhani sauti inatosha. Njomba akamweleza kwamba bajeti inayoanza Julai 1 hupikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo anayeomba Mei anakuta sufuria limeshaoshwa. Akamwambia pia aombe bati na mbao, asiombe "zahanati", maana neno kubwa huahirishwa kirahisi. Tena ahesabu ushuru wa korosho, ile asilimia 3 ya halmashauri, ambayo huingia minada inapochangamka.

Mwaka uliofuata kijana alipeleka mihtasari miwili yenye saini na orodha ya mahudhurio. Hakunguruma. Bati zilikuja, pungufu kidogo, lakini zilikuja.

Sasa niseme lisilopendeza. Njomba alizijua hila za kuzika hoja kwa sababu enzi zake alizika nyingi. Mimi mwenyewe aliwahi kunizungusha wiki tatu kwa barua ya utambulisho ya ukurasa mmoja. Kwa hiyo sisemi wazoefu ni watakatifu. Nasema fundi aliyetia kufuli ndiye anayejua linavyofunguka.

Hata Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, hakuingia Ikulu mwaka 1995 akiwa mgeni. Alishahariri magazeti, akawa balozi, akawa waziri wa mambo ya nje. Alipotaka rushwa ichunguzwe, tume alimpa Joseph Warioba, mtu aliyekwisha kuwa Waziri Mkuu. Ripoti ilitoka mwaka 1996, na mwaka huohuo TRA, Mamlaka ya Mapato, ikaanza kazi. Kama rushwa iliisha au haikuisha, tutabishana mpaka asubuhi.

Hatari ninayoiona ni mzoefu kugeuka dereva. Diwani wetu alianza kumpigia njomba simu kabla ya kila kikao, halafu kabla ya kila neno. Siku moja mzee akamwambia awaache kwanza wale vijana wa bodaboda waliokuwa wanalalamikia maegesho, "wana kelele hao." Kijana akakata simu, akaenda kijiweni kwao, akakaa nao mpaka magharibi. Kesho yake akarudi barazani kwa njomba kuuliza barua ya maegesho huandikwa kwa nani.

Msomaji, Mtwara