Maswali na majibu: Kihisi kikidanganya, mtambo wako utafanya nini?

Huu ni msimu wa kuandika maombi ya ufadhili, na barua nyingi zimetoka kwa wahadhiri na wanafunzi wa uzamili. Karibu zote zinaeleza akili unde itafanya nini mambo yakienda vizuri. Chache mno zinasema nini kitatokea yakiharibika.

Mifumo ya saiba-fizikia ni nini hasa? (Njoro)

Ni mifumo ambayo kompyuta inapima kitu halisi, inaamua, kisha inakigusa: inafungua valvu, inawasha pampu, inapiga king'ora. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi. Kipimajoto kinachotuma namba kwenye simu na kuishia hapo hakimo, kwa hiyo msikiite hivyo kwenye ombi lenu ili kumvutia mfadhili.

Tunaomba fedha za mfumo wa kutoa tahadhari ya mafuriko mto Nyando. Modeli yetu, yaani programu iliyojifunza kutabiri kutokana na data, ina usahihi wa asilimia 98. Itatosha? (Maseno)

Haitoshi, na kwa mafuriko namba hiyo haisemi kitu. Chukueni mwaka ambao mto umefurika siku 5. Mtu akiandika kila asubuhi "leo hakuna mafuriko", bila hata kuutazama mto, atakuwa sahihi siku 360 kati ya 365, yaani asilimia 98.6. Amewapita ninyi, na watu wa nyanda za Kano, mto huo unakopita, wameingiliwa na maji siku zote tano. Andikeni mambo matatu badala ya hilo: mafuriko mangapi modeli iliyakosa, mara ngapi ilitoa onyo la bure, na onyo la kweli lilitangulia maji kwa saa ngapi. Onyo la bure si jambo dogo. King'ora kikilia mara tatu bila maji kuonekana, mara ya nne watu hawatoki nyumbani.

Angalieni pia mlivyoigawa data. Mkiichanganya kama karata, kipimo cha saa nane na dakika kumi kinaingia kwenye mafunzo, na cha saa nane na dakika ishirini kwenye majaribio. Huko ni kumwonyesha mwanafunzi karatasi kabla ya mtihani. Fundisheni modeli kwa miaka ya nyuma, muijaribu kwa mwaka ambao haijauona.

Sasa kihisi chenyewe. Wengi hufunga cha mawimbi ya sauti chini ya daraja: hutuma sauti, husubiri mwangwi urudi kutoka majini, kisha hugeuza muda huo kuwa umbali. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20, na karibu mita 349 kwenye nyuzi 30. Kihisi kikiwa mita 3 juu ya maji, tofauti hiyo peke yake huleta kosa la kama sentimita 5 kati ya alfajiri na adhuhuri, na mto haujasogea hata kidogo. Wekeni kipimajoto kando yake, kivulini, mrekebishe hesabu. Chukueni vipimo 5 mfululizo, mvipange, mtumie cha katikati. Msitumie wastani, kwa kuwa kipimo kimoja kibovu huuvuta wote. Lakini hila hiyo haisaidii gogo likikwama chini ya daraja au buibui akitanda utando mdomoni mwa kihisi, maana vipimo vyote vitano vitakuwa vibovu kwa namna moja. Hapo panatakiwa kihisi cha pili cha aina nyingine, cha mgandamizo, kinachopima uzito wa maji yaliyo juu yake, kilichozamishwa majini. Viwili vikipingana, mtu aitwe.

Anayeona hilo ni gharama ya bure akumbuke ndege aina ya Boeing 737 MAX iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilikuwa na vihisi viwili vya kupima pembe ambayo ndege inakutana nayo na hewa, lakini programu iliyokuwa ikisukuma pua chini ilisikiliza kimoja tu, na hicho ndicho kilichodanganya. Watu 157 walikufa.

La mwisho ni ukimya. Kituo chenye vihisi hivyo kitume ujumbe wa "niko hai" kila dakika 15, na kikikosa mara mbili mtu apigiwe simu. Mafuriko ndiyo hasa yanayokata umeme na mtandao. Kituo kilichonyamaza usiku wa mvua kihesabiwe kuwa kinaomba msaada.

Bodi yetu ya kielektroniki inajizima na kuwaka upya kila inapotaka kutuma ujumbe. Programu tumeikagua mara kumi. (Kakamega)

Iacheni programu. Moduli ya SIM800L, ile ya kutuma ujumbe kwa laini ya simu, inapotafuta mtandao huvuta hadi ampea 2 kwa kitambo kifupi sana, na nyaya zile nyembamba za majaribio haziwezi kuubeba mkondo huo. Volti zinaanguka, bodi inazimika. Ipeni chanzo chake cha umeme kinachobeba ampea 2, volti kati ya 3.4 na 4.4, kamwe si 5. Chomeleeni kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa upesi) ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na pini zake, na mtumie waya mnene, mfupi.

Modeli ya kumwagilia kwenye kivungulio chetu imefanya kazi miezi minne bila kosa. Tuondoe swichi ya floti (boya linalozima pampu maji ya tangi yakishuka) na kikomo cha muda ili tupunguze gharama? (Nakuru)

La. Kosa hili limeshaua watu. Mashine ya kutibu saratani kwa mionzi ya Therac-25 iliondolewa vizuizi vya usalama vya umeme na mitambo vilivyokuwa kwenye mashine iliyoitangulia, kwa kuwa programu iliaminiwa. Kati ya 1985 na 1987 iliwachoma wagonjwa sita kwa mionzi iliyopita kiasi, na baadhi yao walikufa. Kasoro ya programu ilikuwemo hata kwenye mashine ya zamani, ila vizuizi vile ndivyo vilivyokuwa vikiifunika. Miezi yenu minne bila kosa huenda ni kazi ya hiyo floti.

Modeli ipendekeze, mlinzi aamue; mlinzi hapa ni programu ndogo, si mtu. Lui Sha wa Chuo Kikuu cha Illinois aliueleza vizuri mpango huu, unaoitwa Simplex: kidhibiti cha kisasa mbele, kidhibiti rahisi kinachoeleweka hadi msumari wa mwisho nyuma yake. Mlinzi wenu awe na mistari michache, asifundishwe, asitegemee intaneti. Valvu isikae wazi zaidi ya dakika 20. Tangi likishuka chini ya alama, pampu izime. Kihisi cha unyevu kikitoa namba ileile kwa saa 6 bila kutikisika, kimekufa. Modeli inyang'anywe usukani na ratiba ya kawaida ishike. Nunueni valvu inayojifunga yenyewe umeme ukipotea.

Kihisi cha oksijeni kikiharibika, mashine ya kupuliza hewa bwawani izime au iwake? (Usenge)

Iwake. Umeme uliopotea bure ni hasara ndogo kuliko samaki kuelea tumbo juu alfajiri, saa ambazo oksijeni iko chini kabisa. Kwenye maji ya aina hiyo mwani hukitanda kihisi upesi, kwa hiyo kisafisheni kila wiki. Ona pia jinsi hali salama, yaani ile mtambo unayoiangukia ukiharibika, hapa ilivyo kinyume cha ile ya valvu ya Nakuru. Kila mtambo una yake, na iandikwe kwenye ombi kabla ya neno lolote juu ya akili unde.

Mfadhili amepunguza bajeti. Tukate nini? (Kisumu)

Kateni idadi ya vituo. Vituo 6 vinavyotembelewa na kusahihishwa kila mwezi vinashinda 10 vilivyoachiwa kutu. Kateni warsha za hotelini. Nauli ya fundi na vihisi vya akiba visiguswe.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni lazima, hata kama mradi ni wa mashine tu? (Bondo)

Ni lazima, kwa sheria ya sayansi ya 2013. Anzeni na kamati ya maadili ya chuo, maana barua yake itatakiwa. Leseni hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo mradi wa miaka mitatu upange kuihuisha. Kamera inayonasa sura za wapita njia inaangukia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Droni ni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na ombi lake lipelekwe kabla ya kuinunua.