Kabla Hujamruhusu Aliyetapika Damu

Wadogo zangu mnaoanza intanshipu hapa Dodoma, mgonjwa mwenye makovu ya ini akiacha kutapika damu, wodi nzima hushusha pumzi. Hapo ndipo tunapokosea. Mishipa ya damu ya umio, ambayo huvimba ini likiwa na makovu, ikishapasuka mara moja, wagonjwa kama 60 kwa kila 100 hutoka damu tena ndani ya mwaka mmoja au miwili wasipopewa kinga, na wiki 6 za mwanzo ndizo za hatari zaidi.

Mimi nilifunzwa kwa aibu. Nilimruhusu baba mmoja wa upande wa Kondoa siku ya sita: anakula uji, anawaza mbuzi wake. Kwenye faili niliandika mishipa imefungwa mipira (vipete vya kuibana isivuje), propranololi (dawa ya kushusha mapigo na presha ya mishipa hiyo) 20 mg mara mbili kwa siku, arudi kliniki. Baada ya majuma matatu akaletwa na beseni. Mkewe alifungua pindo la khanga akatoa dawa. Vilikuwa vimemezwa vidonge vinne tu. Vilimpa kizunguzungu, akaviacha. Goti lilipomuuma akanunua diklofenaki duka la dawa. Na ile "arudi kliniki" yangu haikuwa na tarehe, wakati mipira hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mishipa iishe.

Sasa simruhusu mtu kabla sijakaa kitandani kwake na saa mkononi, nihesabu mapigo dakika nzima. Tunataka 55 hadi 60, presha ya juu isishuke chini ya 90. Ukikuta mapigo 88, dozi bado haijafika, au hamezi.

Alama za Child-Pugh zipigeni, ni kazi ya dakika mbili: bilirubini, albumini, INR (kipimo cha damu kuganda), maji tumboni, kuchanganyikiwa. Kuanzia 10 ni kundi C, huyo msimwondolee macho. Ila zinapima kazi ya ini, hazipimi presha iliyomo kwenye mishipa. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria akaugua kichocho anaweza kuwa na alama nzuri kabisa, ini linafanya kazi, na bado akajaza ndoo. Kwa hiyo ripoti ya endoskopi (kamera inayopitishwa kooni) isomeni wenyewe, msiishie mstari wa mwisho: mishipa ni mikubwa kiasi gani, ina madoa mekundu, ipo hadi tumboni? Ultrasaundi nayo iseme kama kuna donge la damu kwenye mshipa unaoingia ini, au uvimbe. Kimojawapo kikiwepo, hatari inapanda.

Mawili ya wodini, haraka. Seftriaksoni, antibiotiki, 1 g kwa siku huachwa mapema kwa kuwa "hana homa". Haikuanzishwa kwa ajili ya homa, inapunguza kutoka damu tena. Na ndugu wakileta wachangiaji damu sita, washukuruni, lakini Hb (kiwango cha damu) ya 7 hadi 8 inatosha. Kumpandisha hadi 11 ni kuijaza mishipa ileile iliyopasuka.

Siku ya kuruhusu, mwiteni anayempikia. Mwonyesheni kidonge, mtajieni dawa za maumivu asizonunua, mwambieni choo cheusi kama lami ni safari ya usiku huohuo, si ya kusubiri basi la asubuhi. Namba ya simu andikeni ya kijana wake anayekaa mjini. Ya mzee mara nyingi haina chaji.