Siku maji yalipogoma kufika 100

Juzi mwalimu mmoja wa Mbale kaniandikia: "Mwalimu, kwenye fizikia wanangu wanasinzia, kwenye kibanda cha video wanakesha. Nifanyeje?" Nikacheka, kisha nikanywea. Mimi mwenyewe nilisinziliwa miaka sita hapa Busia.

Dawa niliipata humo humo vibandani. Vijei, yule msimuliaji anayetafsiri filamu kwa Kiganda, hakwambii mapema nani atakufa. Anakuchokoza, anakubishia, anakuacha roho juu. Na wale Wamarekani wa MythBusters, kipindi kilichoanza 2003, walichukua uvumi wa mitaani wakaupima mbele ya kamera. Sisi tunaanza na jibu, halafu tunalalamika hakuna anayeuliza.

Basi nikaingia kidato cha pili na sigiri, sufuria na kipimajoto. Maji yatachemka kwa nyuzi ngapi? Darasa zima: "100!" Isipokuwa binti mmoja mbishi, akasema 95. Wekeni dau la karanga, nikawaambia. (Kubeti Busia hakufundishwi.) Maji yakatokota, zebaki ikasimama 96. Kelele! Kipimajoto kibovu! Nikatoa cha pili: 96. Kengele ikalia, nikakusanya vyombo vyangu. "Tutaendelea kesho."

Kesho yake walikuja hata watoro. Ndipo nikawaeleza kwamba tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa inayoyakandamiza maji ni pungufu kuliko ya Mombasa, kwa hiyo yanachemka kabla ya kufika 100. Binti akaondoka na karanga zote.

Mkuu wa idara wa wakati ule akanifokea mbele ya wenzangu: "Hii ni shule, si kibanda!" Mtu ambaye maabara yake ilikuwa na kufuli lenye kutu. Bado linaniuma.

Ndugu yangu wa Mbale, usitoe jibu mapema. Narudia: usitoe jibu mapema! Mtaala mpya wa sekondari wa Uganda ulioanza 2020 unamtaka mwanafunzi atende, na wewe unamwimlisha madokezo mpaka lini? Hata uongo wa runinga ni mali. Waulize mlipuko wa chombo cha angani unasikikaje huko kusiko na hewa. Wangu walibishana mpaka mpishi akaja mlangoni na mwiko, posho (ugali wetu) inapoa.