Wasomaji Wauliza: Ndege za Kwanza, Usukani Kabla ya Injini

Mimi ni fundi wa majahazi, Matondoni. Nasikia ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, waliwashinda wenzao kuruka kwa ndege ya kwanza kwa sababu ya injini yao nyepesi. Ni kweli? Na je, bawa la ndege lina undugu na tanga?

Injini si jibu, fundi. Ile aliyoitengeneza Charles Taylor, fundi wa karakana yao ya baiskeli, ilikuwa na silinda 4 na haikuwa na kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa. Petroli ilishuka kutoka tangi dogo lililofungwa juu, ikageuka mvuke kwa joto la injini yenyewe. Ikiwashwa ilikaribia nguvu farasi 16, ikishapata moto ilishuka hadi 12. Wakati huohuo Samuel Langley, Mmarekani mwenzao aliyeshindana nao, alikuwa na injini ya nguvu farasi 52, na ndege yake ilitumbukia mto Potomac mara mbili, tarehe 7 Oktoba na 8 Desemba 1903. Siku 9 baadaye, tarehe 17, Orville Wright akaruka sekunde 12, mita 36 na ushei. Jaribio la nne siku hiyo, Wilbur akiwa rubani, lilifika sekunde 59 na mita 260.

Walichokuwa nacho wao ni usukani. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyewatangulia, aliongoza mabawa yake kwa kurusha miguu na kiwiliwili huku na huku. Tarehe 9 Agosti 1896 mabawa yaliinuka mno, yakapoteza upepo, akaanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi na kufa siku ya pili. Wright walifunga kamba za kupinda ncha za mabawa. Rubani alilala kifudifudi, akisogeza nyonga ncha moja hupinda chini na nyingine juu. Katika majaribio ya 1901 na 1902 wakagundua ubaya wake: bawa linaloinuka hukokotwa na hewa zaidi, kwa hiyo ndege huelekeza pua upande usiotakiwa, kisha huzunguka mpaka mchangani. Wakaufanya mkia wa nyuma ugeuke pamoja na kamba zilezile za mabawa. Hapo ndipo ndege ilipotawalika, kabla hawajafunga injini yoyote.

Na undugu na tanga upo hasa. Jahazi likienda kwa kubisha, tanga hupindisha njia ya upepo. Upande uliotuna kanieneo (msukumo) ya hewa hupungua, na tanga huvutwa huko. Bawa hufanya hivyo likiwa limelazwa: huisukuma hewa chini, nalo hupanda. Usiamini wanaosema kwamba hewa ya juu hukimbia ili iwahi kukutana na ya chini nyuma ya bawa. Hazikutani, ya juu hutangulia. Jambo jingine utakalolipenda: kitambaa chao cha pamba kilikatwa mshazari, nyuzi zake zikiwa pembe ya digrii 45 na mbao za bawa, ili nguo yenyewe isaidie kukaza kiunzi.

Natengeneza baiskeli Malindi mjini. Eti rafadha za ndege ya Wright, yale mapanga ya kuisukuma, zilizungushwa kwa mnyororo wa baiskeli?

Kwa minyororo ya namna hiyo, ndiyo. Rafadha zilikuwa 2, za mbao, kila moja kipenyo cha mita 2.6, zikizunguka mara 350 hivi kwa dakika. Mnyororo mmoja ulipishwa ukakaa kama namba 8, ili kila rafadha izunguke kinyume cha mwenzake na ndege isivutwe upande. Minyororo ilipitishwa ndani ya mabomba isipigepige. Kilichowatesa ni shafti: za bomba la chuma zilipasuka kwa mtikisiko wa injini, ikabidi Orville arudi Dayton, mji wao, kutengeneza nyingine za chuma kizima. Magurudumu ya meno nayo yalilegea kila mara, hadi walipoyashika kwa gundi ya kubandikia mipira ya baiskeli.

Ni kweli ndege za zamani zilitumia mafuta ya mbarika? — Msomaji, Langoni, Lamu

Kweli kabisa, mafuta haya haya ya nyonyo. Mwaka 1909 ndugu Seguin wa Ufaransa waliuza injini iitwayo Gnome, ya silinda 7 na nguvu farasi 50. Krenki, shafti kuu ya injini, ilifungwa kwenye kiwiliwili cha ndege isizunguke. Silinda zote ndizo zilizozunguka pamoja na rafadha, zikapozwa na upepo bila maji. Petroli na hewa zilipitia palepale penye mafuta ya kulainishia. Mafuta ya kawaida yangeyeyuka ndani ya petroli na vyuma vingelika. Ya mbarika hayachanganyiki nayo kwa urahisi. Lakini hayakurudi tangini, yalitupwa nje, na marubani walioyavuta waliharisha. Uzito ule unaozunguka pia ulipindua ndege: Sopwith Camel, ndege ya kivita ya Waingereza ya 1917, ikigeuzwa kulia ilishusha pua, kushoto ikaiinua. Wanagenzi wengi walikufa wakijifunza.

Mimi ni mwanafunzi, Malindi. Nataka kuunda mfano wa ndege ya Wright urukao. Nianzie wapi?

Usiige umbo lao kwanza. Wao waliweka usukani wa kupanda na kushuka mbele, na ndege yao ilikuwa inayumba juu chini hata mikononi mwao. Weka mkia nyuma. Kata povu gumu la kufungia friji, unene wa milimita 5: bawa urefu wa sentimita 60 na upana 10, mkia 20 kwa 6, na kipande kidogo cha kusimama wima juu yake. Mwili uwe kijiti chepesi kilichonyooka, sentimita 45. Kata bawa katikati, ulibandike tena huku kila ncha imeinuka sentimita 3. Hapo ndege hujinyoosha yenyewe ikilala upande. Gundi ya maji ndiyo ifaayo, kwani baadhi ya gundi nyingine huyeyusha povu.

Sasa mizani, na hapa usiharakishe. Shika bawa kwa ncha za vidole sentimita 2.5 nyuma ya ukingo wa mbele, uongeze udongo wa mfinyanzi puani mpaka ndege itulie sawasawa. Irushe asubuhi kabla upepo haujashika, mkono sawa na bega, pua chini kidogo, na usiitupe kwa nguvu. Ikipanda, ikasita na kudondoka, ongeza udongo kiasi cha punje ya mahindi. Ikitumbukia moja kwa moja, punguza udongo, au pinda ukingo wa nyuma wa mkia juu milimita 2. Ikikata upande mmoja siku zote, itazame kutoka mbele: bawa moja limejipinda. Linyooshe taratibu kwa vidole, kisha rusha tena kabla hujagusa kitu kingine.