Jakuzi ya uani: uzio au kifuniko?

Ndugu, umeuliza kama jakuzi uliyonunua kwa ajili ya uani, hapo Marekani, inakulazimu ujenge uzio kama wenye bwawa la kuogelea. Kwa kawaida hapana, ila kifuniko kiwe kile cha usalama kinachofungwa kwa kufuli na kilichopimwa kwa ASTM F1346, kiwango cha Marekani cha vifuniko vya usalama vya mabwawa na jakuzi. Turubai la kuzuia majani halihesabiki, hata ulikaze vipi.

Kanuni ya mfano ya mabwawa na jakuzi, ambayo majimbo na miji mingi huichukua kama sheria yao, inaitwa ISPSC, nayo inaanza kubana maji yakizidi kina cha inchi 24. Bila kifuniko hicho, uzio uwe na kimo cha inchi 48 au zaidi, nafasi kati ya fito isipitishe mpira wa inchi 4, na geti lifungukie nje, lijirudishe lenyewe. Hapo kwenye geti ndipo wengi hukwama: lisiporudi mpaka komeo liingie bila kusukumwa, umefeli ukaguzi.

Mabwawa ya umma yana sheria yake, ya Virginia Graeme Baker ya 2007, iliyopewa jina la mtoto wa miaka 7 aliyefariki 2002 baada ya kunaswa na mvuto wa tundu la kutolea maji. Ilikuwa jakuzi, si bwawa. Kwa hiyo kagua kifuniko cha tundu la yako pia. Kikilegea, mtoto asiingie.

Miji mingine huongeza masharti yake, basi piga simu ofisi ya vibali kabla hujamwaga zege.